Kuchagua Kichakataji na Hifadhi ya Kompyuta Mpakato kwa Kazi za Afya: Mwongozo kwa Mtafiti Aliye Mbali na Jiji

Utangulizi

Ruanda inayozungumzwa katika makala haya si nchi jirani ya Rwanda, bali ni Ruanda ya mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Mkoa huo hupitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Mbeya, Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, ambako malori huvuka kuingia Nakonde nchini Zambia. Wanaovuka mpaka huvuka na maradhi yao. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia mwezi Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700 kabla ya kudhibitiwa, na kifua kikuu nacho hakiulizi pasipoti. Kwa sababu hiyo, taarifa za afya zinazokusanywa katika maeneo ya ukanda huu zina thamani kubwa kwa taifa zima, na chombo kinachozibeba kinastahili kuchaguliwa kwa makini.

Mara nyingi chombo hicho ni kompyuta mpakato moja, inayonunuliwa kwa akiba ya mtu mwenyewe au kwa fungu dogo la mradi. Kutoka Tunduma hadi maduka ya Kariakoo ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Anayekosea uchaguzi hawezi kuirudisha kesho yake; atakaa na kosa lake kwa miaka minne au mitano. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua viungo viwili vinavyoamua uwezo wa kompyuta ya kazi nzito, yaani kichakataji na hifadhi, na jinsi ya kuvilinganisha na kazi, umeme na kipato cha mnunuzi.

Utambuzi kabla ya tiba

Tabibu haandiki dawa kabla ya kumchunguza mgonjwa. Vivyo hivyo, mnunuzi hapaswi kuuliza ni kompyuta ipi iliyo bora kabla ya kujua ni kazi ipi itakayoilemea. Kazi za afya zinatofautiana mno kwa uzito, na hesabu nyepesi hutosha kuonyesha tofauti hiyo.

Kujaza taarifa za MTUHA na kuchora majedwali ya mwezi ni kazi nyepesi. Haihitaji kompyuta ya nguvu. Inahitaji kompyuta inayodumu. Picha moja ya CT yenye nukta 512 kwa 512, kila nukta ikichukua baiti 2, ina ukubwa wa takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wa mgonjwa mmoja wenye picha 600 hufikia takriban megabaiti 300. Wagonjwa 1,000 wa namna hiyo ni gigabaiti 300. Katika patholojia, kioo kimoja cha tishu kinaposomwa na skana katika eneo la milimita 15 kwa 15, kila nukta ikiwakilisha robo ya mikroni, hutoa picha ya nukta 60,000 kwa 60,000. Kabla ya kubanwa, picha hiyo moja ni zaidi ya gigabaiti 10.

Kusoma mfuatano wa vinasaba kuna sura mbili. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ina herufi zipatazo milioni 4.4, na ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kuchambua ya kwanza ni kazi inayowezekana katika kompyuta ya kawaida iliyo nzuri. Kuchambua ya pili ni kazi ya usiku kucha hata kwa mashine yenye nguvu.

Mfano unaokumbukwa ni wa Guinea mwaka 2015. Wakati wa mlipuko wa Ebola, watafiti walisafirisha maabara nzima ya kusoma vinasaba ndani ya mizigo ya kawaida ya ndege, ikiwemo mashine ya MinION inayoshikika mkononi na kompyuta mpakato. Walisoma virusi kutoka sampuli 142, na baadhi ya matokeo yalipatikana chini ya saa 24 baada ya sampuli kupokelewa. Hata hivyo, wakati huo kutafsiri mawimbi ya mashine kuwa herufi za vinasaba kulitegemea kompyuta za mbali kupitia intaneti, na intaneti ya mahali hapo ilikuwa dhaifu. Funzo lake ni wazi kwa mtu wa Songwe: kazi isiyosubiri mtandao ni lazima iwezekane ndani ya mashine iliyopo mezani.

Kichakataji ni nini?

Kichakataji, ambacho wauzaji wengi hukiita prosesa, ni chipu inayotekeleza amri zote za programu. Ili kuelewa sifa zake, inafaa kukifikiria kama kliniki ya wagonjwa wa nje.

Viini ni matabibu waliopo zamu. Chipu yenye viini 8 ina matabibu 8 wanaoweza kuhudumia wagonjwa 8 kwa wakati mmoja. Mapigo, yanayopimwa kwa gigahezi, ni wepesi wa kila tabibu. Kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya chipu, inayoitwa kashe, ni trei ya vifaa iliyo karibu na mkono wa tabibu. Ikiwa kubwa, haendi stoo mara kwa mara. Na wati ni chakula cha zamu nzima: kliniki inayopewa chakula kidogo haiwezi kufanya kazi kwa kasi ya juu kwa muda mrefu, hata ikiwa na matabibu wengi.

Katika chipu nyingi za Intel zilizotoka tangu mwaka 2022, matabibu hao ni wa aina mbili: viini vya nguvu, vinavyofanya kazi nzito, na viini vya kubana matumizi, vinavyoshughulikia kazi ndogondogo kwa umeme kidogo. Kwa hiyo kuhesabu viini pekee hakutoshi. Ni lazima kuuliza vingapi ni vya nguvu.

Je, viini vingi ni bora daima?

Hapana. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alieleza kanuni ambayo bado inatawala jambo hili: sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Ikiwa asilimia 80 ya uchambuzi inaweza kugawanywa na asilimia 20 haigawanyiki, viini 4 vitaongeza kasi mara 2.5, viini 8 vitaiongeza mara 3.3, na viini 16 vitaiongeza mara 4 tu. Kutoka viini 8 hadi 16 mnunuzi anaongeza gharama kubwa kwa faida ndogo. Na hata kama viini vingekuwa maelfu, kasi isingevuka mara 5.

Programu nazo zina tabia zake. Lugha ya R, inayotumiwa sana katika takwimu za afya, kwa kawaida hutumia kiini kimoja isipokuwa mtumiaji aielekeze vingine. Stata nayo ina matoleo ya kawaida yanayotumia kiini kimoja, na toleo la MP ambalo leseni yake hutaja idadi ya viini kitakavyotumika. Mtu anayenunua chipu ya viini 14 kwa ajili ya Stata ya kawaida ameajiri matabibu 14 na kumpangia mmoja tu zamu. Kwake yeye, mapigo ya juu ya kiini kimoja yana manufaa kuliko wingi wa viini. Kinyume chake, programu za kupanga vipande vya vinasaba kwenye jenomu ya rejea hugawanya kazi vizuri, na hapo kila kiini kina faida.

Kusoma jina la kichakataji

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuamini kwamba i7 ni bora kuliko i5 na mjadala umekwisha. Jina zima ndilo lenye habari. Chukua Core i7-7500U: ni ya kizazi cha 7 na ina viini 2. Core i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, ina viini 4. Mwenye kununua ya kwanza kwa sababu ya namba 7 amepoteza nusu ya matabibu.

Herufi ya mwisho nayo ni ya kutazamwa. Katika chipu za Intel za vizazi vya 12 na 13, herufi U kwa kawaida huashiria chipu iliyosanifiwa kwa wati 15, P kwa wati 28, H kwa wati 45, na HX kwa wati 55. Linganisha Core i7-1255U na Core i5-12500H, zote za mwaka 2022. Ya kwanza ina viini 10, lakini viini vya nguvu ni 2 tu. Ya pili ina viini 12, na vya nguvu ni 4, pamoja na chakula cha wati 45. Katika kazi ya saa mbili mfululizo, i5 hiyo huishinda i7 hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 Intel ilianzisha majina ya Core Ultra yasiyo na herufi i, lakini kanuni ni ileile: tafuta kizazi, idadi ya viini vya nguvu na herufi ya mwisho.

Kwa upande wa AMD, Ryzen 5, 7 na 9 hufuata mpangilio unaofanana, na H na U zina maana ya karibu na hiyo. Mtego upo katika mfululizo wa 7000 wa kompyuta mpakato, ambamo tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja umri wa usanifu. Ryzen 5 7520U inabeba usanifu wa Zen 2, uliotokea mwaka 2019. Ryzen 5 7640U inabeba Zen 4, wa mwaka 2022. Majina yanafanana kama mapacha, lakini mmoja ni kaka mkubwa aliyevaa sare mpya.

Kompyuta za Apple zenye chipu za M, zilizoanza na M1 mwezi Novemba 2020, zina nguvu kubwa kwa umeme kidogo. Ila mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba programu za kazi yake zinapatikana kwa mfumo huo, na akumbuke kwamba katika kompyuta mpakato hizo kumbukumbu na hifadhi haziongezwi baada ya kununua kama zinavyoongezwa katika mashine nyingine nyingi.

Chipu ya michoro

Kuna kazi ambazo kichakataji cha kawaida, hata kikiwa bora, hakifai kubebeshwa peke yake. Kufundisha kompyuta kutambua madoa ya kifua kikuu kwenye picha za eksirei, au kutafsiri mawimbi ya MinION kuwa herufi kwa usahihi wa juu, ni kazi za maelfu ya hesabu ndogo zinazofanana. Chipu ya michoro huzifanya zote kwa pamoja. Programu nyingi za aina hii zimeandikwa kwa ajili ya chipu za NVIDIA, hivyo anayetaka kufanya kazi hizo ahakikishe kompyuta inayo, ikiwa na kumbukumbu yake ya gigabaiti 8 au zaidi. Asiyefanya kazi hizo hana haja nayo: itamwongezea bei, uzito, joto na njaa ya umeme bila malipo yoyote.

Kumbukumbu ya kazi: meza kati ya tabibu na stoo

Kati ya kichakataji na hifadhi ipo kumbukumbu ya kazi, inayoandikwa RAM kwenye vibandiko. Hifadhi ni stoo ya mafaili. Kumbukumbu ya kazi ni meza ambapo mafaili hufunguliwa. Meza ikijaa, kompyuta huanza kupeleka na kurudisha mafaili stoo, na kasi yote huporomoka. Gigabaiti 16 hutosha kwa takwimu za kawaida na jenomu za bakteria. Gigabaiti 32 zinafaa kwa picha za tiba na seti kubwa za data. Baadhi ya programu za jenomu ya binadamu, kama STAR inayopanga vipande vya RNA, huhitaji takriban gigabaiti 30 kwa ajili yake peke yake. Kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao, swali la kumwuliza muuzaji ni hili: je, kuna nafasi ya kuongeza baadaye?

Hifadhi: aina na kasi

Kuna aina tatu zinazokutwa sokoni. Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma. Husafirisha takriban megabaiti 100 kwa sekunde, nayo huogopa kuanguka na mtikisiko wa barabara. SSD ya SATA haina kiungo kinachosogea, na hufikia megabaiti 550 hivi kwa sekunde. SSD ya NVMe hupita njia pana zaidi ndani ya kompyuta. Ile ya PCIe 3.0 hufikia megabaiti 3,500 hivi, na ya PCIe 4.0 takriban 7,000.

Kwa gigabaiti 300 za picha za CT zilizotajwa hapo juu, kuzisoma kutoka diski ngumu huchukua takriban dakika 50. SSD ya SATA huchukua takriban dakika 10, na NVMe takriban dakika 2. Tofauti ya kwanza hubadilisha siku ya kazi. Tofauti ya pili huonekana tu kwa anayehamisha mafaili makubwa kila siku. Kwa anayefungua hati na majedwali, NVMe ya bei ya juu na ile ya wastani hazitofautiki machoni.

Ikumbukwe pia kwamba mnyororo huvuta kwa nguvu ya pete yake dhaifu. Mafaili hayohayo yakinakiliwa kwenye diski ya nje kupitia tundu la USB 2.0, lenye kasi halisi ya takriban megabaiti 40 kwa sekunde, kazi itachukua zaidi ya saa 2, hata kama ndani ya kompyuta kuna NVMe ya kasi kuu.

Aina ya nne hujificha katika kompyuta za bei ya chini: eMMC, iliyochomelewa kwenye ubao, ndogo na ya polepole. Haifai kwa kazi yoyote iliyotajwa hapa.

Hifadhi: uimara na uchakavu

SSD huandika data katika seli, na kila seli huchakaa kadiri inavyoandikwa upya. Seli za TLC hubeba biti 3, na za QLC hubeba 4. QLC ni rahisi kwa bei, lakini huchakaa mapema zaidi na hupunguza kasi sana inapopokea faili kubwa mfululizo. Anayeandika data nyingi achague TLC.

Watengenezaji hutaja uimara kwa jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa katika muda wa dhamana. SSD nyingi nzuri za terabaiti 1 hutajiwa terabaiti 600 hivi. Anayeandika gigabaiti 100 kila siku ataufikia ukomo huo baada ya siku 6,000, yaani zaidi ya miaka 16. Anayesoma vinasaba na kuandika gigabaiti 500 kila siku ataufikia kwa siku 1,200, miaka mitatu na ushei. Kwa wengi, basi, uchakavu si wa kuogopwa. Cha kuogopwa ni kifo cha ghafla: SSD inaweza kuzimika bila kutoa ishara, na data iliyofutwa ndani yake mara nyingi haiwezi kurejeshwa na fundi kama ilivyowezekana katika diski za zamani. SSD iliyochakaa ikiachwa kabatini muda mrefu bila umeme, hasa penye joto, inaweza pia kupoteza data. Si sanduku la kuhifadhia kumbukumbu za miaka.

Kuhusu ukubwa, mnunuzi asishtuke kuona terabaiti 1 ikisomeka kama gigabaiti 931 katika Windows. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, si wizi. Wizi upo kwingine: katika diski za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiandikwa terabaiti 8 au 16. Ndani yake huwamo chipu ndogo iliyodanganywa itangaze ukubwa usiokuwepo. Mafaili ya mwanzo hukaa salama, kisha yanayofuata hupotea kimya kimya. Programu za bure kama H2testw na F3 hujaza diski nzima na kuisoma tena. Diski ambayo haijapimwa hivyo haistahili kupewa taarifa za wagonjwa.

Umeme, joto na vumbi

Nguvu ya kichakataji hulipwa kwa umeme. Betri ya saa-wati 60 ikilisha mashine inayokula wati 15 itadumu saa 4; ikilisha inayokula wati 60 chini ya mzigo mzito itadumu saa moja. Umeme ukikatika katikati ya uchambuzi wa saa sita, chipu ya H itazima kabla ya kazi kwisha. Kwa anayetegemea sola, paneli ya wati 200 inayopata jua kali kwa saa 5 huzalisha saa-wati 1,000 kwa nadharia, na pungufu ya hapo kwa uhalisia. Hiyo yatosha kuendesha kompyuta nzito kwa saa kadhaa, mradi kuwe na betri ya kuhifadhi umeme huo.

Joto nalo lina neno. Chipu inapozidiwa na joto hujishushia kasi ili isiungue. Kompyuta nyembamba sana yenye chipu ya H inaweza kuanza kazi kwa mbio na baada ya dakika kumi ikatembea. Ubaridi wa nyanda za Songwe husaidia, lakini vumbi la kiangazi huziba feni na kufuta faida hiyo. Mashine yenye matundu mapana ya hewa, feni mbili, na mfuniko wa chini unaofunguka kwa skrubu za kawaida ni bora kuliko ile nyembamba ya kupendeza.

Kompyuta zilizotumika

Wengi hununua mashine zilizotumika, na si vibaya. Mashine za ofisini za zamani mara nyingi ni imara na hufunguka kwa urahisi. Mpaka wa kuzingatia ni kizazi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka, kwa ujumla, chipu ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha 6 au 7 itabaki bila masasisho ya usalama, isipokuwa mwenyewe atumie mfumo kama Linux.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye mambo manne dukani. Afungue ukurasa wa taarifa za mfumo na kusoma jina kamili la kichakataji, si kibandiko cha nje, kwa maana kibandiko hubandikwa. Atazame afya ya SSD kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha saa ilizofanya kazi na kiasi kilichoandikwa. Aiache mashine ifanye kazi nzito kwa dakika 15 huku akisikiliza feni na kutazama kasi. Na aulize kwa maandishi kama kumbukumbu na SSD zinabadilishika.

Taarifa za mgonjwa ni amana

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kuweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kompyuta iliyoibwa ndani ya basi la Tunduma ikiwa na majina ya wagonjwa na majibu yao ya VVU si hasara ya mali tu; ni siri za watu zilizotupwa barabarani. Mtu mmoja anaweza kupoteza ndoa yake au kazi yake kwa sababu ya faili moja.

Kwa hiyo hifadhi haina budi kusimbwa, yaani kufungwa kwa ufunguo wa siri ili anayeiba chombo asiweze kusoma kilichomo. BitLocker hupatikana katika Windows Pro, na VeraCrypt ni ya bure. Vichakataji vya kisasa vina amri maalumu za usimbaji, hivyo kasi haipungui kwa kiasi cha kuudhi. Ufunguo wa kurejesha uandikwe na kutunzwa mbali na kompyuta, maana ukipotea, mwenye data hufungiwa nje sawa na mwizi.

Nakala rudufu ni sehemu ya bei ya hifadhi. Kanuni inayotumika sana ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtafiti wa Ruanda hiyo inaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje iliyosimbwa inayofungiwa kabatini, na nyingine inayopelekwa Vwawa au Mbeya kila mwezi, kwa kufuata idhini ya maadili ya utafiti wake.

Kufikia uamuzi

Mfano wa kubuni unaweza kuunganisha yote. Mtafiti kijana anajiandaa kukaa Ruanda miaka miwili akichunguza kifua kikuu kwa madereva na familia zao. Atakuwa na dodoso, picha za eksirei zipatazo 3,000 na jenomu za bakteria 200. Fedha aliyonayo inatosha ama kompyuta ya Core i9 yenye chipu kubwa ya michoro na SSD ya terabaiti 1, ama kompyuta ya Ryzen 7 ya viini 8 yenye gigabaiti 32 na SSD ya ukubwa huohuo, ikabaki ya kununua diski mbili za nje na betri ya akiba.

Picha yake moja ya eksirei, yenye nukta 2,000 kwa 2,500 na baiti 2 kila nukta, ni megabaiti 10. Zote 3,000 ni gigabaiti 30. Jenomu zake ni za bakteria, na mashine ya kuzisoma itakuwa kwenye maabara, si mezani kwake. Hakuna kazi yake inayodai chipu kubwa ya michoro. Kwa Core i9, uchambuzi wa usiku ungeisha saa kumi za alfajiri badala ya saa kumi na mbili asubuhi, na yeye angekuwa bado amelala. Lakini bila diski za nje, siku kompyuta inapoanguka au kuibwa, sampuli za miaka miwili, pamoja na imani ya watu waliokohoa ndani ya vikopo wakiamini kazi hiyo ingewafaa wenzao, zingepotea kwa dakika moja. Chaguo la pili ndilo sahihi kwake.

Mwingine mwenye MinION mezani na mtandao dhaifu angefika kwenye jibu tofauti kwa kufuata njia ileile: chipu ya NVIDIA, SSD ya TLC yenye ukubwa wa terabaiti 2, na mpango wa umeme kabla ya yote.

Hitimisho

Kichakataji kichaguliwe kwa kuangalia programu itakayotumika, idadi ya viini vya nguvu, kizazi na wati, na si kwa ukubwa wa namba iliyo kwenye kibandiko. Hifadhi ichaguliwe kwa aina, uimara na uwezekano wa kubadilishwa, na bei yake ihesabiwe pamoja na bei ya nakala zake. Kichakataji kidogo humchelewesha mtafiti kwa saa chache. Hifadhi mbovu humpokonya alichokwisha kukipata, nacho si chake peke yake, kwa maana kila mstari wa data hiyo ni mtu aliyekubali kupimwa.